Waridi la Kodi na Majirani Zake

25 Machi

Bwana Lyddon kaja. Ni siku ya kodi, naye ndiye mkusanyaji wa jumba kubwa, la mwenye ardhi; anazunguka nyumba zake zote na begi. Kwetu hafungui begi. Nyumba yetu hailipiwi pesa, inalipiwa waridi. Moja tu, kila mwaka, tarehe ishirini na nne Juni. Lazima litoke kwenye mwaridi wa pinki hafifu uleule, wa aina ya huu wa wigoni, na mzizi wake uwe kwenye udongo wa hapa. Ndivyo alivyoandikiwa babu wa babu yangu kwenye hati. Waridi likikosekana, nyumba inarudi kwa jumba.

"Baba yako hakukosa hata mara moja," Bwana Lyddon akasema. "Na wewe, Ned?"

Nikatazama viatu vyake. Mama akajibu, "Hatakosa."

Baba kafa Januari, kifua. Mdomoni maneno hunikwama, hata mbele ya mama. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama, basi naandika. Shule sikukaa sana, atakayesoma anisamehe.

27 Machi

Mwaridi una madoa meusi tangu mwaka jana. Na chini uko uchi, miguu mitupu. Baba alikuwa anauwekea mimea wenzake kila masika ila mwaka huu hayupo. Vilivyobaki ni vitunguu saumu vichache na jeraniamu ya buluu inayoanza kuchipua.

28 Machi

Mzee Crouch nimemwona. Huyu ni jirani wa upande wa pili wa wigo, anaishi peke yake. Yeye na baba hawakusemeshana tangu mimi mdogo. Asubuhi, nikiwa nyuma ya pipa la maji, kapitisha mkono juu ya wigo, ana kisu, kakata kitawi cha mwaridi wetu. Kakitia mfukoni. Katazama huku na huku kama paka jikoni.

Nitasema nini? Ila nimeona.

30 Machi

Mvua.

2 Aprili

Nimemuuliza mama nipande nini chini ya mwaridi. Alikuwa anakanda unga.

"Lavenda nzuri," nikasema.

"Nzuri kwa macho. Lavenda inataka ukavu, mwaridi unataka kunywa. Hawa wawili hawanywi kikombe kimoja. Mweke mbali kidogo, kwenye kokoto."

"Mnanaa?"

"Mnanaa! Mpe mnanaa kiti, kesho kalala kitandani kwako. Panda mnanaa wa paka, huo una adabu. Vitunguu saumu ongeza, vidukari havipendi harufu yake. Jeraniamu iache itambae, ifunike miguu. Mwaridi hauoni haya, ila udongo ukiwa wazi unakauka."

Mama akizungumzia bustani, mtu anamwona baba kasimama pale pale.

3 Aprili

Nimepanda vitunguu saumu. Mzee Crouch kachungulia kwenye upenyo wa wigo muda wote. Nikiinua kichwa, hayupo. Nikiinamisha, yupo.

6 Aprili

Leo nami nimechungulia kwake, nikaona kitu kisichonipendeza. Ana jeraniamu ya buluu kama yetu. Ana mnanaa wa paka kama wa baba, mpaka ule mstari wake ulivyopinda. Ana vitunguu saumu. Bustani yake ni kama yetu iliyotazamwa kwenye kioo. Mtu anayetaka kilicho chako huanza kwa kukiiga.

9 Aprili

Mama Doreen kaja na keki ya mbegu. Huyu anakaa nyumba ya chini, karibu na daraja. Binti yake Doreen kachumbiwa na kijana aliyerudi kutoka jeshini, nao hawana pa kukaa, wanangoja nyumba ya jumba ipatikane. Mama Doreen hucheka kabla hujasema kitu.

"Maskini Ned, umebeba mzigo wa mtu mzima. Mwaridi unaendeleaje?"

Nikainua bega.

"Mimi nisingeuacha pale wigoni," akasema, sauti ya chini. "Kwa jirani yule? Baba yako alikuwa akimchunga. Sasa nani atamchunga?"

Mama alikuwa amekwenda kuchota maji kisimani. Keki tamu sana. Sukari ni ya kadi, mgawo wa wiki ni kiganja. Sijui yeye kaipata wapi ya kumwaga hivi. Lakini nimekula vipande vitatu.

12 Aprili

Leo nimeona kwa macho yangu. Mapema, ukungu bado uko chini. Mzee Crouch kaja na ndoo mpaka kwenye wigo. Kainama. Kamimina polepole pale pale penye shina la mwaridi, upande wake, ambapo mizizi inapita chini. Maji meusi. Yananuka mpaka kwetu. Halafu kasugua mguu juu yake ili pasionekane.

Nilijibana nyuma ya pipa. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikuja. Nilirudi ndani nikanywa chai baridi.

Mtu akimwagia mwaridi sumu mwezi wa Aprili, Juni hauna kitu. Halafu nyumba yetu inakuwa tupu, naye atabaki na wigo wote. Nimefikiri sana. Sijamwambia mama, maana atasema nina macho ya kuona tu vibaya. Ndivyo alivyokuwa akimwambia baba.

13 Aprili

Nimekutana na Mama Doreen darajani. Nikamwambia yote, sijui kwa nini ulimi ulilegea kwake. Akanishika mkono.

"Nilikuambia. Hama nao, mwanangu. Leo leo. Una pahala pazuri pale mlangoni, kando ya ngazi, bibi yako alikuwa na waridi pale. Udongo umezoea. Utaukuta umekaa kama uliozaliwa pale."

"Mwezi wa Aprili? Umeshatoa majani."

"Ukichimba na udongo wake, hautajua kama umehama. Usimwambie mama yako mpaka umalize, atakuzuia. Wanawake tunaogopa ovyo." Akacheka.

14 Aprili

Mama alikwenda sokoni kwa basi. Nimechimba. Mizizi ilikuwa mirefu kuliko nilivyodhani, mingine imepita chini ya wigo kwenda kwa Mzee Crouch, ilibidi niikate. Nimeikata nikimwazia yeye. Nimeupanda mlangoni, nimemwagilia, nimekanyaga. Pale wigoni pamebaki shimo, na vitunguu saumu vimelizunguka kama watu msibani.

Mzee Crouch alikuja kwenye upenyo. Alitazama shimo, akanitazama mimi. Akafungua mdomo, akaufunga. Akaondoka. Nilifurahi. Nilidhani nimemweza.

14 Aprili, jioni

Mama karudi. Kaweka kikapu chini polepole sana.

"Nani kakwambia uuweke pale?"

Nikasema Mama Doreen.

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Akakaa kwenye ngazi, koti bado mwilini. "Mwaridi haupandwi palipokufa mwaridi," akasema. "Udongo ule umechoka na waridi. Hata mtoto anajua, Ned. Baba yako kakwambia mara ngapi."

Kweli kaniambia. Kila mtu huku anajua. Nilijua, halafu hofu ikanipita mbele.

"Na Mama Doreen anajua," mama akasema. "Siku tuliyong'oa ule wa bibi yako, ulipokufa, alikuwa amekaa hapa hapa. Kanywa chai."

15 Aprili

Tumetaka kuurudisha. Mama kasema kuuhamisha mara mbili ndiyo kuuzika kabisa. Tumeufunika kwa gunia dhidi ya jua.

19 Aprili

Majani yamelala.

22 Aprili

Yamelala bado. Mama Doreen kapita njiani. "Unapumzika tu huo," kasema. "Mpe muda."

Nimegundua macho yake hayatazami mwaridi. Yanatazama madirisha.

1 Mei

Watoto wa shule wamecheza kwenye uwanja wa kanisa wakizunguka nguzo ya riboni, kama kila Mei Mosi. Sikwenda.

4 Mei

Tawi moja limeweka chipukizi. Nimekaa nalo mchana wote. Nimepanda mnanaa wa paka kulizunguka na vitunguu saumu viwili vilivyohamishwa kutoka wigoni, liwe na watu wake.

11 Mei

Chipukizi limekauka. Nimekuna gome kwa ukucha, nikitafuta kijani cha uhai. Kahawia. Nimekuna chini zaidi. Kahawia. Chini kabisa. Kahawia.

12 Mei

Sitaki kuandika.

20 Mei

Mvua siku nyingi. Jeraniamu ya wigoni imejaa maua ya buluu, inatambaa kuelekea kwenye shimo, inatafuta miguu ya kufunika. Kila kitu kinastawi isipokuwa kile kimoja. Vitunguu saumu vimesimama kama walinzi, hakuna wa kulindwa.

Mzee Crouch bado anachungulia. Simwelewi. Kama alitaka ufe, umekufa. Anatafuta nini tena?

29 Mei

Doreen na mchumba wake wamepita mbele ya nyumba. Walisimama. Doreen alinyoosha mkono kwenye dirisha la juu, akamwonyesha kitu. Waliponiona walisalimia. Doreen alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Nadhani huyu hajui lolote la mama yake, au anajua anaona haya.

Mama anasema tuanze kuwaza pa kwenda. Dada yake ana chumba mjini, juu ya duka la samaki.

8 Juni

Nimempeleka mama kanisani. Mama Doreen kamkumbatia mlangoni. Mama alisimama kama nguzo, mikono chini. Wote wameona.

Njiani mama akasema, "Sina ushahidi. Labda alisahau."

"Unaamini alisahau?"

"Naamini siku ile alikunywa vikombe viwili."

15 Juni

Nimeng'oa ule mwaridi mfu. Ulitoka kirahisi, kama jino bovu.

23 Juni

Kesho ndiyo siku. Nitaandika yote maana sijui la kufanya.

Leo asubuhi nilikwenda wigoni nikaanza kung'oa vitunguu saumu. Hasira tu. Nikavuta kimoja, nikavuta cha pili. Nikasikia sauti kama mlango wa banda usiofunguliwa miaka.

"Acha hivyo. Ni vyangu."

Mzee Crouch. Mwenyewe, kwenye upenyo, kofia mkononi. Sijawahi kusikia sauti yake kwa karibu.

Hasira ilinipa ulimi. "Vyako? Kwenye udongo wetu?"

"Baba yako aliviiba kwangu, mwaka ule wa theluji ya mpaka dirishani. Na hiyo jeraniamu ya buluu. Aliiba na jembe langu, mjinga yule, akalirudisha chafu."

"Baba hakuwa mwizi."

"Mwizi hodari! Mimi nilimwibia mnanaa wa paka, lavenda, na mayungiyungi mawili. Unadhani bustani mbili zinafananaje hivi? Mmea wa kupewa hudumaa, wa kuibwa hushika. Na ukiushukuru umeuua. Hukufundishwa?"

Nimefundishwa. Huku hakuna asiyejua. Mtu akikupa mche, unageuza uso unasema leo kuna upepo. Husemi ahsante. Lakini sikujua kuwa watu wawili wanaweza kuishi miaka yote hivyo, mmoja anaiba, mwenzake anatazama pembeni, na kuuita huo ujirani.

"Mlikuwa hamsemeshani," nikasema.

"Tungesemeshana, mmoja angeshukuru kwa bahati mbaya."

Nikamuuliza juu ya ndoo. Ile ya maji meusi.

Akanitazama kama nimemuuliza juu ya jua. "Mavi ya kondoo. Yamelowa majira yote ya baridi. Mwaridi ule ulikuwa na njaa, baba yako hayupo kuulisha. Wewe ulikuwa nyuma ya pipa, nimeziona buti zako. Nikasema, kijana anajifanya haoni, kapata adabu ya baba yake." Akavaa kofia. "Kumbe ulikuwa unaona."

Nikatamani shimo lile linimeze.

"Kwa nini hukusema kitu nilipouchimba?"

"Nilifungua mdomo. Mdomo wangu nao si wa kazi hiyo." Akakohoa. "Sikiliza. Nyuma ya banda langu kuna ndoo ya bati. Ndani mna mwaridi. Niliiba kitawi kwa baba yako vuli ya mwaka juzi, umeshika, una mawaridi matatu yamefunguka. Kile cha Machi nacho nimekitia udongoni, bado kinatafakari. Kesho alfajiri nitasimama langoni kwangu natazama barabara. Mimi nikitazama barabara, sigeuki."

"Nipe tu leo, mzee."

"Nikupe?" Alikasirika kweli. "Nikupe ufe huo nao? Nimengoja uje toka Mei! Kila siku nachungulia, nasema leo atakuja, leo ataiba. Baba yako alikuwa na malezi, aliiba bila kuambiwa."

Akaenda zake.

Bado sijaamua kwenda. Maana nawaza hivi. Nikiingia kwake nikatoka na ndoo, mimi ni mwizi mbele ya mtu yeyote anayepita. Akigeuka akamwita askari? Mwizi jumba halimwachii nyumba, hata akiwa na mawaridi mia. Labda ndivyo alivyopanga. Niliyemwamini alicheka na keki mkononi. Huyu hata kucheka hajui.

Nimemwambia mama. Kasikiliza yote. Halafu kasema, "Baba yako alikuwa akirudi na miche chini ya koti, namuuliza kapata wapi, anasema upepo umeleta. Nilidhani ana mwanamke." Akacheka mpaka machozi. Sijamsikia akicheka tangu Januari.

Kisha akasema, "Sitakwambia uende wala usiende. Mara ile uliambiwa."

24 Juni

Nilikwenda.

Umande ulikuwa mzito. Mzee Crouch alikuwa langoni kwake, mgongo huku, mikono nyuma, anatazama barabara tupu. Niliruka wigo penye upenyo. Buti zilipiga kelele kwenye kokoto. Hakugeuka. Ndoo ilikuwa pale, mwaridi kimo cha kiuno changu, mawaridi matatu, na harufu ile. Nilisimama nayo mikononi nikaangalia mgongo wake. Nilijua kuwa akigeuka sasa, nimekwisha. Sikio lake lilicheza kama la farasi. Hakugeuka.

Sikuupanda kwenye shimo la zamani. Nimejifunza. Nimechimba pembeni, kati ya jeraniamu na lango, pasipowahi kukaa waridi. Nimetoa ndoo kwa chini, bonge la udongo likashuka zima. Nimesogeza vitunguu saumu vikauzunguka, nikalaza jeraniamu miguuni. Mama alimwagilia kwa birika la chai. Tulimaliza jua likigusa paa.

Bwana Lyddon kaja baada ya kifungua kinywa. Na nyuma yake, hakuitwa, Mama Doreen, ana kofia ya Jumapili.

"Nasikitika sana kwa ajili yao," alikuwa anamwambia njiani. Halafu akaona. Kicheko kikamtoka usoni kama maji kwenye kitambaa.

"Huo si wao," akasema. "Wao ulikufa, nimeuona mwenyewe mlangoni pale. Huu kapewa. Crouch kampa!"

Bwana Lyddon akageukia wigo. Mzee Crouch alikuwa kwenye upenyo, wapi tena.

"Umempa, Crouch?"

"Mimi? Maisha yangu yote sijampa mtu wa nyumba hii hata jani bovu. Muulize kama kanishukuru."

Wote wakanitazama. Neno la ahsante lilikuwa limejaa mdomoni tangu alfajiri, limefika kwenye meno. Maisha yangu yote nimeyalaani maneno yanayokwama. Leo nilimshukuru Mungu kwamba lilikwama.

"Sijamshukuru," nikasema.

Bwana Lyddon kazaliwa hapa hapa, mtoto wa mwashi, desturi anaijua. Akakunja midomo. "Basi umeibiwa, Crouch?"

"Nikiibiwa nitasema."

"Lakini ni ujanja huu!" Mama Doreen akasema. "Umepandwa leo! Tazama udongo, mbichi!"

"Mbichi, ndiyo," Bwana Lyddon akasema. Akachuchumaa kwa taabu, akachomeka vidole chini ya jeraniamu, akagusa shina. "Ni wa pinki uleule. Na mzizi uko kwenye udongo wa hapa. Hati haisemi umekaa tangu lini." Akamtazama Mama Doreen. "Wewe ulijuaje ulikufa, mama? Mimi sikuambiwa."

"Nilipita tu."

"Ndiye aliyemshauri Ned auhamishe," mama yangu akasema, sauti ya kawaida kabisa, kama anaagiza chumvi. "Akampa na pa kuupanda. Palipokufa mwaridi wa mama mkwe."

Bwana Lyddon aliinuka, akajifuta magoti. Mama Doreen akarekebisha kofia yake ambayo ilikuwa imekaa sawa.

Mama akakata waridi la juu, akampa. Bwana Lyddon akalitia kwenye tundu la kifungo cha koti, akaenda. Nyumba ni yetu.

Nilitazama wigoni. Mzee Crouch hakuwepo.

27 Juni

Vidukari vichache kwenye ua la pili. Vitunguu saumu havijanuka bado. Vidukari nimevifinya kwa vidole.

30 Juni

Mama Doreen kaacha keki mlangoni, hakubisha hodi. Nimempa kuku kwanza. Kuku mzima, anataka nyingine. Mimi sikula.

Doreen kaja mwenyewe jioni, kwa ajili ya sahani. Kasema wamepata vyumba viwili kwa mchungaji. Kasema mama yake halali vizuri. Nikampa sahani. Sijui kama niamini alivyosema. Nimemwambia nampongeza, na neno likatoka.

5 Julai

Asubuhi, nikiwa nyuma ya pipa la maji. Mkono ukapita juu ya wigo, una kisu. Ukapapasa kwenye lavenda mpya niliyopanda kule kwenye kokoto, ukachagua kitawi kizuri kuliko vyote.

Nikageuka nikatazama barabara. Hakuna kilichokuwa kinapita. Nikaendelea kutazama.